Kioo Chako Kinatazama Nini?

Upana wa chumba cha Mji Mkongwe wa Zanzibar uliamuliwa na mkoko. Kuta zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kuketi dirishani akanyoosha miguu, na dari ikabebwa na boriti zilizokatwa mikokoni. Boriti haivuki mbali: mita mbili na nusu, pengine karibu tatu, basi. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo, sawa na vya nyumba za mawe za Lamu, ni virefu na vyembamba. Tajiri angeweza kuongeza urefu wa chumba, idadi ya vyumba na idadi ya ghorofa. Upana ulibaki uleule, kwa sababu mti haurefuki kwa fedha.

Sasa tazama walivyovipamba. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, alizaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, akaondoka Zanzibar mwaka 1866, na miaka 20 baadaye, kwa jina la Emily Ruete, akachapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Humo anaeleza vyumba vya wakubwa wa wakati wake. Kuta zimegawanywa kwa vidaka, na vidaka vimejaa sahani za kauri na bilauri zilizopangwa kwa uzuri. Kati ya kidaka na kidaka pamesimama vioo vikubwa vya kujitazamia, vimeanzia chini usawa wa mahali pa kukalia, vikapanda hadi kukaribia dari. Vioo hivyo viliagizwa Ulaya. Picha za viumbe hazikutundikwa, kwa sababu ya dini. Vioo na saa za ukutani ndivyo vilivyochukua nafasi yake.

Ukiutafakari mpangilio ule utaona hekima yake. Chumba ni chembamba na hakiwezi kupanuliwa, basi jicho linapewa mahali pa kwenda. Kioo kiko kwenye ukuta mrefu, na kinachotazamana nacho ni ukuta wa pili wenye pambo lake: sahani za Kichina, chokaa iliyonakishiwa, mwanga wa taa. Kila kilichokuwa kizuri mle ndani kilionekana mara mbili, na ule wembamba uliotokana na boriti ukasahaulika.

Leo kioo si mali ya masultani. Mafundi vioo wamejaa katika mitaa yetu ya biashara, na fundi anakukatia kwa kipimo chako huku unasubiri. Lakini tunaponunua tunauliza bei, tunauliza fremu, tunauliza kitakaa ukuta gani, na hapo tunaishia. Swali lenye uzito ni jingine: kikishatundikwa, kitatazama nini? Kioo ni dirisha ambalo mandhari yake unaichagua wewe mwenyewe. Kikitazama bustani, una bustani mbili. Kikitazama kabati lenye masanduku na ndoo juu yake, masanduku yameongezeka na ndoo zimeongezeka, na umelipia fedha kuyaongeza.

Nimeingia sebule nyingi zenye kioo kizuri, fremu ya mninga iliyochongwa kwa mkono, kilichotundikwa kikitazama ukuta mtupu. Hakidhuru kitu, lakini hakifanyi kazi yoyote. Inaniuma kwa sababu hatua mbili tu kulia kingeshika mlango wa kibarazani, mwembe wa jirani na kipande cha anga.

Kuna jambo moja linalofaa kusemwa wazi kabla hujatoa fedha mfukoni. Kioo hakitengenezi mwanga. Ukuta uliopakwa rangi nyeupe vizuri hurudisha mwanga mwingi, kiasi kisicho mbali sana na kile cha kioo. Tofauti iko kwenye namna ya kuurudisha. Ukuta mweupe huutawanya mwanga kila upande, ndiyo maana chumba kizima kinachangamka. Kioo huupokea kwa pembe fulani na kuutoa kwa pembe ileile upande wa pili, ukiwa bado na sura ya mahali ulikotoka. Kwa hiyo kama chumba chako ni cha giza kila pembe, anza na kopo la rangi na pazia jepesi. Kioo kinafaa pale unapotaka mwanga uende mahali maalumu: kwenye meza anayosomea mtoto, mwisho wa korido, kwenye pembe ya jiko ambako dirisha halifiki.

Waliolijua hilo vizuri kuliko wote walikuwa wajenzi wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa. Ukumbi wa Vioo katika kasri la Versailles, ulioanza kujengwa mwaka 1678 na kukamilika mwaka 1684, una urefu wa mita 73. Upande mmoja kuna madirisha 17 yanayotazama bustani. Upande wa pili, mkabala wa kila dirisha, kuna tao lenye vioo, jumla vioo 357. Kila tao lilihitaji vipande 21, kwa sababu mafundi wa enzi hizo hawakuweza kutoa kioo kimoja kikubwa namna hiyo. Ufundi wenyewe ulikuwa siri ya Venice, na Wafaransa waliwashawishi baadhi ya mafundi wa kisiwa cha Murano wahamie kwao ili waupate. Lakini siri ya ukumbi haiko kwenye wingi wa vioo. Iko kwenye bustani. Kila tao la vioo limepewa dirisha lake la kulitazama, na jua la jioni linapoingia kutoka magharibi linakutana na kuta mbili zenye miti na maji.

Chumba hicho kinatuhusu kwa njia nyingine pia. Ni ndani yake, tarehe 28 Juni 1919, ndipo Ujerumani ilipotia saini Mkataba wa Versailles na kuyaacha makoloni yake yote. Tanganyika, Rwanda na Burundi ziliondoka mikononi mwa Wajerumani mbele ya vioo vile, na hakuna mwenyeji hata mmoja wa nchi hizo aliyetia saini.

Tukirudi nyumbani, mashauri mengi ya kupamba kwa vioo yanayotufikia yameandikwa na watu wa nchi za baridi, kwa ajili ya nyumba za nchi za baridi. Kule jua ni mgeni adimu, na kila mwale unaoingia unakaribishwa. Wanaambiwa waweke kioo mkabala kabisa wa dirisha kubwa ili walinase jua lote. Ukifanya hivyo Dar es Salaam au Mombasa kwenye dirisha la magharibi, saa kumi jioni utakuwa umeleta jua sebuleni mara ya pili. Kioo hurudisha joto la jua pamoja na mwanga wake, na aliyekaa kwenye kochi atakunja uso na kuhama.

Sisi huku mwanga tunao wa kutosha, uko nje. Ndani ni kiza kwa sababu ya baraza, mapaa yaliyoshuka, mapazia mazito, na nyumba kukaribiana. Tunahitaji mwanga wa anga bila jua lenyewe. Kwa hiyo kioo kiwekwe kwenye ukuta wa ubavuni, ule unaokutana na ukuta wa dirisha, mita moja au mbili ndani. Hapo kinaunasa mwanga unaoingia kwa mshazari na kuusukuma kwenye kina cha chumba, wala hakimchomi mtu machoni. Na kumbuka kuwa jua letu linahama. Pwani ya Tanzania, mwezi Juni hupita upande wa kaskazini wakati wa adhuhuri, na mwezi Desemba hupita kusini. Kioo ambacho hakikukusumbua wakati wa kaskazi kinaweza kukuletea jua la moja kwa moja wakati wa kusi. Kabla ya kutoboa ukuta, kitegemeze kioo mahali unapopataka, kwa uangalifu, ukitazame asubuhi, mchana na jioni.

Nyumba ninayoifikiria zaidi ninapoandika haya ni ile ya vyumba sita, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uani nyuma. Magomeni, Temeke, Tanga, Morogoro, zipo kila mahali. Mpangaji ana chumba kimoja, au chumba na sebule. Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani, na kati ya kuta mbili hizo pana nafasi ya kupita mtu mmoja. Mwanga unaofika hapo umeshuka kutoka juu, kwenye ufa wa anga kati ya mabati na mabati. Katika chumba cha namna hiyo, kioo kimoja chenye kimo cha mtu, kikisimamishwa ubavuni mwa dirisha, huushika ufa ule wa anga na kuufikisha kitandani na mezani. Hakuna samani nyingine ya bei hiyo itakayokibadilisha chumba kiasi hicho, na nasema hivyo nikijua kwamba kwa mpangaji kila shilingi ina kazi yake.

Ukubwa wa kioo nao una hesabu yake, nyepesi kuliko wengi wanavyodhani. Ili mtu ajione mzima, toka utosini hadi nyayoni, anahitaji kioo chenye nusu ya urefu wake. Asogee mbele au arudi nyuma, hesabu haibadiliki, mradi kioo kiwe kimenyooka wima. Mwenye urefu wa mita 1.7 anatosheka na kioo cha sentimita 85, lakini kiwekwe mahali pake: ncha ya juu iwe katikati ya macho na utosi, ncha ya chini iwe katikati ya macho na nyayo. Kwa familia yenye mtoto wa mita moja na mtu mzima wa mita 1.8, kioo cha sentimita 130 kilichoanzia kama sentimita 45 kutoka sakafuni kinawatosha wote. Wengi hununua kirefu kupita haja kisha hukitundika juu mno, na watoto wa nyumba hiyo hujiona vipaji vya nyuso tu.

Kwa sebule mimi napendelea kioo kimoja kikubwa kuliko vidogo kumi vilivyotawanywa. Vidogo hukatakata chumba. Jicho linaona kipande cha kochi, kipande cha feni, nusu ya kalenda. Ila kuna mila moja ya vioo vidogo ninayoiheshimu sana. Katika wilaya ya Kutch, magharibi mwa India, walikotoka mababu wa familia nyingi za Kihindi za Zanzibar na Mombasa, wanavijiji hupamba kuta za ndani za nyumba zao za duara kwa udongo uliochanganywa na samadi, wakaufinyanga kwa michirizi na maua, na katikati ya michirizi wakapachika vipande vidogo vya kioo. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha uso mzima. Kazi yake ni nyingine: ukiwasha taa moja ndogo usiku, kila kipande kinaishika kwa pembe yake, na ukuta mzima unametameta. Mafundi vioo wetu hubaki na vipande vingi wasivyojua wavifanyie nini. Seremala au fundi ujenzi mwenye mkono mwepesi anaweza kuvipachika kwenye plasta mbichi ya ukuta wa baraza, kingo zikiwa zimesuguliwa kwa jiwe la kunolea zisikate, na ukapata pambo ambalo halikuagizwa kutoka popote.

Jambo ambalo sijaliona likizungumzwa ipasavyo, nalo kwa watu wa pwani ndilo la kwanza, ni sitara.

Nyumba ya mawe ya Lamu ilijengwa ili mpita njia asione ndani. Nje kuna daka, mahali pa kumketisha mgeni. Ukipita mlango unaingia tekani, ukumbi mdogo wa mlangoni, na njia inapinda kabla hujafika kiwandani, ua wa ndani ulio wazi juu. Mlango ukiachwa wazi mchana kutwa, aliye njiani anaona ukuta. Mpindo ule ndio ulinzi wa nyumba nzima. Sasa chukua kioo, kitundike kwenye ukuta huo unaotazama mlango, kwa nia njema kabisa ya kumpokea mgeni kwa uzuri. Kama kiko kwenye pembe inayounasa ua, umemwonyesha aliye njiani yale ambayo wajenzi waliyaficha kwa uangalifu mkubwa.

Kanuni ya kioo haina upendeleo. Ukiyaona macho ya mtu kwenye kioo, naye anayaona yako. Mwanga hupita njia ileile kwenda na kurudi. Katika nyumba ya kupanga, ambako mlango wa chumba unaachwa wazi kwa ajili ya hewa na pazia linapeperushwa na upepo, kioo kinachotazama mlango kinawapa waliomo koridoni kitanda, nguo zilizotundikwa na mtu anayevaa. Mama mwenye nyumba anashangaa kwa nini wapita njia wanageuza shingo. Dawa ni ndogo: kioo cha chumba cha kulala kiwe kwenye ukuta uleule wenye mlango, au pembeni yake, kiasi kwamba aliyesimama kizingitini haoni uso wa kioo. Jipime mwenyewe. Simama mlangoni, mwambie mtu akishike kioo pale unapotaka kukitundika, kisha sema unachokiona.

Dukani mambo ni kinyume. Fundi cherehani anayeshona amewapa mgongo wateja, au muuzaji anayepanga bidhaa rafuni, anahitaji kioo kinachotazama mlango, tena kiwe juu kidogo, ili amwone anayeingia bila kugeuka.

Wenye kuswali nyumbani wana la kuongeza. Kutoka Zanzibar na Dar es Salaam, Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja, kwa hiyo ukuta wa kaskazini ndio unaoelekewa. Kioo kikubwa mahali hapo kinamvuruga mwenye kuswali, maana kila anapoinuka anajiona. Kiwekwe ukuta mwingine, au kiwe na pazia lake. Na wapo wasiopenda kioo kitazame kitanda, kwa sababu mtu akiamka usiku wa manane akaona kitu kinatikisika mbele yake hushtuka kabla hajajitambua. Wapo wanaolichukulia kama imani. Mimi naona mshtuko huo ni sababu tosha, kwa mtoto hasa.

Wala usitazamishe vioo viwili katika chumba cha kupumzikia. Kwa kinyozi vinafaa, mteja anataka kuona kisogo chake. Lakini umeshawahi kukaa kwenye kiti kile ukatazama mlolongo wa nyuso zako ukizidi kuwa mdogo na kuwa na rangi ya kijani kadiri unavyoenda mbali? Ukijani huo unatokana na chembe za chuma zilizomo kwenye kioo chenyewe: mwanga ukipita tena na tena, rangi nyingine hupungua haraka kuliko kijani. Ni jambo la kuvutia kwa dakika 20 za kunyolewa. Kwa jioni nzima linachosha.

Usiku una mahitaji yake. Dirisha lisilo na pazia huwa jeusi, na kioo kinacholitazama huongeza weusi. Ndiyo maana kioo cha sebuleni kinafaa kiwe na kitu cha kutazama gizani pia, nacho ni taa. Taa ndogo ya mezani ikiwekwa mbele ya kioo, mwanga uliokuwa unapotelea ukutani unarudi chumbani. Umeme ukikatika, mshumaa au taa ya chemli hapohapo hufanya kazi kubwa kuliko katikati ya meza, mradi moto usikaribie kioo wala pazia. Tahadhari nyingine: kile kioo kidogo cha kunyolea ndevu au kujipodolea kinachokuza uso kimebonyea katikati, nacho hukusanya miale ya jua mahali pamoja. Kisiachwe dirishani linakopiga jua. Vimewahi kuchoma mapazia.

Kuhusu kutundika, uzito ndio wa kuuogopa. Kioo cha unene wa milimita 4 kina uzito wa kilo 10 kwa kila mita moja ya mraba. Cha milimita 6 kina kilo 15. Kile cha kusimama, mita 1.8 kwa sentimita 60, hata kikiwa cha milimita 4, tayari ni karibu kilo 11 bila fremu. Msumari kwenye plasta haukibebi. Fundi atoboe hadi kwenye tofali, aingize fisha, kisha skrubu, apime kwa pima maji. Kioo kilichoegemezwa tu ukutani ni kizuri kwa macho lakini katika nyumba yenye watoto lazima kifungwe juu. Na akija na silikoni, inuse. Ile yenye harufu kali ya siki hula rangi ya nyuma na fedha iliyo chini yake, na baada ya muda madoa hujitokeza mbele. Mwombe ile isiyo na harufu hiyo.

Pwani tuna adui wa ziada, chumvi ya hewani. Huanzia ukingoni na kupenya kati ya kioo na fedha, ndipo unapoona ule weusi unaotambaa kutoka pembeni. Kingo zikifungwa kwa rangi au vanishi kabla ya kuingia kwenye fremu, na kipande chembamba cha mbao kikiachwa nyuma ili hewa ipite, kioo kinadumu miaka mingi zaidi. Unaposafisha, lowesha kitambaa, usinyunyizie kioo. Maji yanayochuruzika chini huishia kwenye fremu na kukaa humo.

Vioo vya kale vina hadhari yake. Kabla mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig hajagundua mwaka 1835 njia ya kupaka fedha halisi kwenye kioo, mgongo wa kioo ulitengenezwa kwa bati na zebaki, na mafundi wengi waliugua kwa kuivuta. Vioo vya namna hiyo viliendelea kutengenezwa miaka mingi baadaye, na huenda bado vipo katika nyumba za zamani za pwani. Utakitambua kwa taswira yake ya kijivu iliyopoa na vidoa vinavyong'aa kama chembe za mchanga. Kama umerithi kimoja, usikikwangue mgongo wala usimpe fundi akibadilishe rangi. Wakati mwingine matone ya zebaki hujikusanya kwenye ukingo wa chini. Kifute mbele kwa kitambaa laini kikavu, kitundike chumba chenye hewa ambacho hakitumiki kulala wala kupikia, mbali na jua, na ukisafirishe kikiwa wima.